Marufuku ya mkaa yaishia mpaka wa kaunti, lori laendelea na safari

Januari 2018, aliyekuwa Gavana wa Kitui nchini Kenya, Charity Ngilu, alipiga marufuku biashara ya mkaa na mchanga kutoka kaunti hiyo. Wiki chache baadaye, lori lililokuwa limebeba mkaa liliteketezwa na vijana ndani ya Kitui. Wafanyabiashara wa Limuru, kaunti ya Kiambu, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakinunua mkaa wa Ukambani, waliandamana na kufunga barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) ililazimika kuingilia kati, maana maneno yaliyokuwa yakirushwa hayakuwa tena ya miti wala mito. Yalikuwa ya kabila na kabila.

Mgogoro huo ulizuka kati ya kaunti mbili za nchi moja, zenye sarafu moja, polisi wa aina moja na mahakama moja ya rufaa. Hapakuwa na forodha katikati. Hata hivyo amri ya upande mmoja ilitosha kumgeuza mchuuzi wa upande wa pili kuwa mhalifu usiku mmoja, akiwa na mzigo ambao jana yake ulikuwa halali. Anayenunua Gulu akauza Busia, au anayetoa mzigo Tanga kwenda Mombasa, anaweza kujipimia mwenyewe hali yake ilivyo.

Sababu za Kitui zilikuwa za kweli. Ni eneo kavu, mito yake ni ya msimu, na mchanga wa mito hiyo ndio unaohifadhi maji ambayo akina mama huyachimbua wakati wa kiangazi. Miti inayofaa kwa mkaa mzuri, hasa migunga, hukua polepole katika ardhi ya namna hiyo. Mtu anayeona kilima kikipukutika miti ndani ya miaka mitano hahitaji mtaalamu wa kumweleza kinachotokea.

Ila amri yenyewe ilishika mahali pabaya. Ililenga lori, na lori ndilo rahisi zaidi kukamata. Tanuri liko porini, mchomaji hajulikani, na mlaji yuko Nairobi akinunua mkebe mmoja kwa ajili ya chakula cha jioni. Katikati yao yuko mfanyabiashara mwenye gari lenye namba za usajili, linalopita barabara ya lami mchana. Huyo ndiye anayesimamishwa.

Kenya ilikuwa na kanuni za mkaa miaka tisa kabla ya amri ya Kitui. Kanuni za Misitu kuhusu mkaa za mwaka 2009 ziliweka utaratibu: wachomaji wajiunge katika vyama, wapate leseni ya kuchoma, mwenye shamba akubali kwa maandishi, na msafirishaji awe na kibali cha kusafirisha kutoka Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Kabla ya hapo kulikuwa na kichekesho kilichodumu kwa miaka mingi: kuuza mkaa mjini na kuutumia jikoni kulikuwa halali, lakini kuuchoma na kuusafirisha kulikuwa kosa. Kana kwamba mkaa ulishuka sokoni kutoka mbinguni. Biashara hiyo isiyotambuliwa haikuwa ndogo. Utafiti wa mwaka 2005 ulikadiria kuwa Kenya ilitumia tani milioni 1.6 za mkaa kwa mwaka, zenye thamani ya shilingi bilioni 32, kiasi kilichokaribia mapato ya chai.

Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010 na serikali za kaunti kuanzia 2013. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti kazi ya kutekeleza sera za kitaifa za mazingira na misitu, na pia kutoa leseni za biashara. Hapo ndipo nyuzi zilipochanganyikana. Msafirishaji anaweza kuwa na kibali halali cha KFS mkononi, na bado akafika kwenye kizuizi cha kaunti akaambiwa kibali hicho hakitambuliwi hapo. Kaunti ya tatu, isiyokuwa na neno na mkaa, itamtoza ushuru wa mazao kwa kupita tu. Kila mmoja ana karatasi yake na muhuri wake, na pale muhuri unapokosekana, kitu kidogo hujaza pengo.

Mwezi mmoja baada ya amri ya Kitui, Februari 2018, Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, alitangaza kusitishwa kwa ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90. Siku 90 zikaongezwa, zikaongezwa tena, hadi ikafika miaka mitano. Julai 2023, akiwa Rais, Ruto mwenyewe alitangaza kuiondoa. Mwezi uliofuata mahakama ya mazingira na ardhi ikausimamisha uamuzi huo wa kuiondoa, baada ya Chama cha Mawakili kufungua kesi. Mfanyabiashara aliyetaka kupanga mtaji wake kwa kufuata sheria katika miaka hiyo alikuwa kama anayejenga nyumba juu ya mchanga wa mto.

Wakati serikali zikitangaza na kutangua, majiko hayakuzimwa. Nairobi, Kisumu, Nakuru na Eldoret ziliendelea kupika, na mkaa uliokosekana Kitui ukatafutwa kwingine. Sehemu yake ilitoka Uganda kupitia Busia na Malaba, na pale ukaguzi ulipokaza, kupitia njia za panya.

Kaskazini mwa Uganda palikuwa na kitu ambacho Kitui haikuwa nacho: misitu mikubwa ambayo vita vya miaka ishirini viliiacha bila kuguswa, kwa kuwa watu walikuwa kambini. Amani iliporudi, ardhi hiyo ya koo ikawa na mnunuzi. Miongoni mwa miti iliyoangushwa katika Acholi, Lango na Nile Magharibi ni mshea, ambao mbegu zake hutoa mafuta ambayo wanawake wa huko wameyauza kwa vizazi vingi. Mshea huchukua miaka kama kumi na mitano hadi ishirini kabla ya kuzaa vizuri. Ukishageuzwa kuwa mkaa, familia imeuza mara moja kitu ambacho kingewalisha watoto na wajukuu, na bei waliyopewa ni ya magunia machache.

Viongozi wa Acholi walipaza sauti, baadhi ya wilaya zikatoa amri zao, na malori yakaanza kukamatwa na raia wenyewe. Mei 2023, Rais Yoweri Museveni alitoa Amri ya Rais Namba 3, iliyopiga marufuku ukataji miti kwa ajili ya mkaa wa biashara kaskazini na kaskazini mashariki mwa nchi. Amri hiyo hiyo iligusa pia wafugaji wa Turkana wanaoingia na silaha, jambo linaloonyesha jinsi mkaa, malisho na usalama wa mpaka vilivyofungwa pamoja katika maeneo hayo.

Kwa hiyo marufuku ya Kenya ilisaidia kuupeleka moto Uganda, na marufuku ya Uganda nayo ikausukuma mbele zaidi. Hakuna haja ya kumlaumu gavana au rais mmoja. Kila mmoja alilinda eneo lake kwa mamlaka aliyokuwa nayo, na hakuna aliyeulizwa mkaa utatoka wapi baada ya hapo.

Hesabu ya tanuri inaeleza kwa nini jambo hili haliwezi kupuuzwa. Tanuri la kienyeji la udongo hutoa kati ya asilimia 10 na 20 ya uzito wa kuni zilizoingia. Tuseme asilimia 15: lori la tani saba za mkaa limekula karibu tani 47 za miti. Tanuri lililoboreshwa, lenye bomba la moshi na kuni zilizokaushwa na kupangwa vizuri, linaweza kufika asilimia 25 au zaidi, na mzigo ule ule ukatoka kwenye tani zisizozidi 28. Tofauti hiyo ni takriban tani 19 za miti kwa kila safari, bila mlaji kupunguza hata kiganja kimoja cha mkaa. Lakini tanuri bora linahitaji siku zaidi, mafunzo, na mchomaji anayejua kuwa hatafukuzwa katikati ya kazi. Anayechoma kwa kujificha huchagua tanuri la haraka, na mara nyingi kuni mbichi. Marufuku isiyoweza kusimamiwa porini huongeza upotevu ule ule inaotaka kuuzuia.

Mchomaji anayejificha pia huacha tanuri peke yake usiku. Mwezi Agosti na Septemba, nyasi zikiwa kavu, cheche moja inatosha. Ndiyo maana nchi hizi zilikuwa na sheria za moto wa nyasi muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuzungumzia mabadiliko ya tabianchi. Kenya inayo Sheria ya Moto wa Nyasi tangu enzi za ukoloni, na Uganda iliweka marufuku ya kuchoma nyasi mwaka 1974, isipokuwa kwa uchomaji ulioruhusiwa na kudhibitiwa. Zote mbili hazifahamiki sana, na hutajwa zaidi baada ya moto kuliko kabla yake.

Sasa mpaka wenyewe. Wafanyabiashara wengi wameambiwa, na ni kweli, kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na kwamba bidhaa zinazozalishwa ndani ya nchi wanachama hupita bila ushuru wa forodha. Baadhi wameelewa hapo kwamba mkaa ni kama mahindi au maharage. Sivyo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Tatu, inautaja mkaa wa miti kati ya bidhaa zenye masharti ya kusafirishwa nje, pamoja na mbao, vyuma chakavu na samaki wabichi aina ya sangara na sato. Kuwekewa masharti si kupigwa marufuku. Maana yake ni kwamba hautoki bila idhini ya mamlaka husika. Cheti rahisi cha uasili, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kinathibitisha tu kwamba bidhaa ni ya Afrika Mashariki. Hakisemi kwamba mti ulikatwa kihalali, na ofisa wa forodha akikikataa kwa mzigo wa mkaa usiokuwa na kibali cha misitu, hajavunja sheria yoyote ya Jumuiya.

Upande wa pili wa jambo hilo husemwa kwa nadra. Kibali cha misitu cha nchi moja hakina mahali pa kusomwa katika nchi ya pili. Vituo vya pamoja vya mpakani, kuanzia Busia na Malaba hadi Namanga na Holili, vimewakutanisha maofisa wa forodha na uhamiaji wa nchi mbili chini ya paa moja, na foleni zimepungua. Lakini kuwakutanisha maofisa si sawa na kuwa na orodha moja ya vibali wanayoweza wote kuisoma. Mwaka 2015, mjini Durban, Kenya, Tanzania, Uganda, Msumbiji na Madagascar zilikubaliana juu ya Azimio la Zanzibar la kupambana na biashara haramu ya mbao na mazao ya misitu. Lilikuwa hatua nzuri. Mkazo wake, hata hivyo, uko katika kumkamata mwenye mzigo haramu. Mwenye mzigo halali aliachwa atafute njia yake.

Tanzania ina uzoefu wake wa marufuku, na ni wa muda mfupi sana. Mwanzoni mwa mwaka 2006 serikali ilizuia mkaa nchi nzima. Bei ilipaa, uchomaji ukaendelea kwa siri, na baada ya wiki chache amri ikaondolewa. Miaka mitatu baadaye Benki ya Dunia ilikadiria kuwa biashara ya mkaa nchini humo ilikuwa na thamani ya dola milioni 650 kwa mwaka, na kwamba serikali ilikuwa ikipoteza takriban dola milioni 100 kwa mwaka katika mapato yasiyokusanywa. Dar es Salaam peke yake ilikuwa ikitumia karibu nusu ya mkaa wote. Fedha hizo milioni 100 hazikuyeyuka. Zilibaki mikononi mwa watu, na mchomaji wa kijijini hakuwa wa kwanza kati yao.

Baada ya hapo Tanzania ilianza kuufuata mkaa jikoni. Taasisi zinazopikia zaidi ya watu 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 2024, zikiwemo shule na magereza, na Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa kitaifa wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni njia ndefu na ya gharama, na mtungi wa gesi bado ni mzigo kwa anayepata fedha kwa siku. Mama lishe anaweza kununua mkaa wa kumtosha siku moja. Gesi ya siku moja haiuzwi kirahisi. Hata hivyo njia hii inamfuata mlaji, ambaye amri za Kitui na Gulu hazikumgusa.

Katika wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, lilijaribiwa jambo jingine tangu mwaka 2012. Vijiji, Ulaya Mbuyuni kikiwa kimojawapo, vilitenga sehemu ya msitu wao kwa ajili ya mkaa, vikaigawa katika vipande vya mita 50 kwa 50, na kuvuna kwa zamu ili kila kipande kipumzike miaka 24. Visiki huachwa vichipue. Ada ya mkaa ililipwa kwa serikali ya kijiji, na kijiji kikaamua kama ni zahanati, darasa au doria ya msitu. Si muujiza, na hautoshelezi mahitaji ya Dar es Salaam. Umeonyesha tu kwamba mtu anayefaidika na msitu baada ya miaka 24 ana sababu ya kumkimbiza anayetaka kuumaliza mwaka huu, na kwamba kazi hiyo haihitaji vijana wenye viberiti barabarani.

Lipo swali moja ambalo amri zote hizi zimelikwepa, nalo ndilo linalomuumiza zaidi mfanyabiashara: mkaa uliokwisha kuchomwa siku amri inapotangazwa ufanyweje? Somalia, ambayo sasa ni mwanachama wa Jumuiya, ilikumbana nalo kwa ukubwa wa kutisha. Februari 2012, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2036, lilipiga marufuku mkaa wa Somalia usisafirishwe nje, kwa sababu ulikuwa unawapa Al-Shabaab fedha. Mwaka huo huo Al-Shabaab wakaondolewa Kismayo, na majeshi yaliyoingia, yakiwemo ya Kenya, yakakuta bandarini shehena kubwa ya magunia. Wenyeji walisema ni mtaji wao. Ombi la kuuruhusu uuzwe halikukubaliwa. Mkaa ukaondoka hivyo hivyo kwenda Ghuba, kama ripoti za wachunguzi wa Umoja wa Mataifa zilivyoonyesha baadaye, na faida ikaenda kwa wale waliokuwa na nguvu ya kuusafirisha bila karatasi.

Kismayo kulikuwa na vita. Kitui na Gulu hakukuwa na kisingizio hicho. Amri ingeweza kutoa siku 60 za kumaliza mzigo uliopo, kuhesabu magunia yaliyomo maghalani, na kuyapa alama. Ingeweza kutofautisha mkaa wa migunga ya porini na ule wa miti iliyopandwa shambani, ambao mwenye shamba ana haki ya kuuvuna. Ingeweza pia kutangazwa upande wa pili wa mpaka, kwa kuwa mnunuzi wa Busia hasomi gazeti la serikali la Kampala, na wa Limuru hakuwa na njia ya kujua gavana wa Kitui angesema nini Jumatatu.

Wafanyabiashara nao hawako safi. Wengi wanajua kabisa mzigo wa mshea ulitoka ardhi ya nani na kwa bei gani, na wanajua kwamba ukinunua usiku huulizwi. Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vimekuwa hodari wa kudai vizuizi viondolewe barabarani, lakini ni vigumu kupata kimoja kilichowahi kumfukuza mwanachama kwa kununua mkaa usiokuwa na kibali cha kuchoma. Madai yao kwa Arusha yangekuwa na uzito mwingine kama yangeambatana na hilo.

Kwa sasa, anayesafirisha mkaa kati ya nchi hizi bila kupoteza lori anabeba mwenyewe kazi ambayo serikali hazijaifanya. Anahitaji ridhaa ya maandishi ya mwenye ardhi, leseni ya mchomaji, kibali cha kusafirisha chenye tarehe ambazo hazijapita, risiti ya ushuru ya kila kaunti au wilaya atakayopita, na idhini ya kutoa mkaa nje ya nchi kutoka mamlaka ya misitu kabla hajafika mpakani. Baada ya hapo anatakiwa kupiga simu asubuhi ya safari, kuuliza kama usiku uliopita hakuna aliyetangaza amri mpya.